Je, kompyuta inaweza kuturudishia kitabu cha Marinus wa Tiro?

Swali: Profesa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Tanga. Ninapofundisha habari za Azania, jina la kale la pwani yetu, na mji wake wa biashara wa Rhapta, huwaeleza wanafunzi kwamba mwanajiografia Ptolemy alipata sehemu ya habari za pwani hiyo kwa Marinus wa Tiro, mwanajiografia aliyemtangulia, ambaye kitabu chake kimepotea. Mwanafunzi mmoja akauliza kama kompyuta zinazosoma magombo yaliyoungua huko Italia haziwezi kukirudisha kitabu hicho. Je, inawezekana? Na mashine ikituletea maandishi, tutajuaje kwamba ni ya Marinus na si ya mashine yenyewe?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kwa ufupi, kitabu kizima cha Marinus hakitarudi, isipokuwa siku moja nakala yake ipatikane katika mchanga wa Misri au chini ya maandishi mengine katika maktaba fulani ya kale. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hoja zake, pamoja na taarifa za mabaharia waliofika pwani yetu, tunazo tayari, kwa sababu Ptolemy alizieleza na kuzipinga moja baada ya nyingine. Kwa mwandishi wa namna hiyo, kompyuta husaidia zaidi katika kazi ya taratibu ambayo magazeti hayaitangazi sana: kutafuta, kulinganisha, na kuweka mipaka ya maneno ya mtu mmoja yaliyomo ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Nitakaa zaidi hapo, kisha nitafika kwenye magombo, maana mwanafunzi wako anastahili kujua kwa nini hayawezi kumhusu Marinus.

Wasomi wengi humweka Marinus mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo. Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria katikati ya karne hiyo, anasema katika kitabu cha kwanza cha Jiografia yake kwamba Marinus ndiye wa karibuni zaidi kati ya walioishughulikia elimu hiyo. Anamsifu kwa bidii ya kukusanya taarifa, halafu anatumia sura nyingi kuonyesha alipokosea. Katika sura ya 9 anaeleza jinsi Marinus alivyokadiria umbali wa pwani ya Afrika kuelekea kusini kwa kutegemea habari za mabaharia. Mmoja wao, Diogenes, alikuwa akirejea kutoka India. Alipokaribia Aromata, yaani rasi iliyo kwenye ncha ya Pembe ya Afrika, alisukumwa na upepo wa kaskazini, na baada ya siku 25 akafika kwenye maziwa unakotoka mto Nile, ambayo yako kaskazini kidogo ya Rhapta. Mwingine, Theophilus, mmoja wa waliokuwa wakisafiri kwenda Azania, aling'oa nanga Rhapta kwa upepo wa kusini na kufika Aromata siku ya 20. Wanafunzi wako, waliokulia penye kaskazi na kusi, watazielewa sentensi hizo mbili haraka kuliko msomaji wa Ulaya anayelazimika kutafuta maelezo ya pepo hizo katika tanbihi.

Sasa hesabu tabaka zilizopo kati yetu na Diogenes. Yeye alisafiri na kusimulia. Habari yake ikamfikia Marinus kwa njia tusiyoijua. Marinus akaiingiza katika hesabu yake. Ptolemy akaifupisha ili aipinge. Na wanakili wa Byzantium wakakinakili kitabu cha Ptolemy kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata nakala kongwe kamili tulizo nazo ni za mwisho wa karne ya 13. Maandishi ya kale hayakuwa na alama za kufungua na kufunga nukuu. Kuna mahali, kama katika sura ya 7, ambapo Ptolemy anatamka wazi kwamba anayaleta maneno ya Marinus neno kwa neno, naye ananukuu kifungu kuhusu nyota zinavyoonekana katika ukanda wa joto. Kuna mahali anaposema tu kwamba Marinus asema hivi au vile. Na kuna vitabu vya baadaye vya Jiografia hiyohiyo, vyenye orodha ndefu za miji na vipimo vyake, ambamo takwimu nyingi huenda zimetoka kwa Marinus bila jina lake kutajwa kwenye mistari husika.

Wasomi wa zamani walilikabili tatizo hili kwa mkasi. Karl Müller, kuanzia mwaka 1841, alichapisha mjini Paris mkusanyo mkubwa wa vipande vya wanahistoria wa Kigiriki waliopotea, na Felix Jacoby akaanza mkusanyo mwingine, wa kina zaidi, mwaka 1923. Walichofanya ni kuikata sentensi kutoka katika kitabu kilichoihifadhi, kuipa namba, na kuiweka chini ya jina la mwandishi aliyepotea. Bila kazi hiyo tusingekuwa na taaluma hii hata kidogo, nami nawaheshimu watu hao kwa dhati. Lakini sentensi iliyokatwa humfanya msomaji asahau kwamba ilikuwa ndani ya hoja, mara nyingi hoja ya mpinzani, na kwamba mahali ilipoanzia na ilipoishia pamewekwa na mhariri wa Ulaya aliyeishi karibu miaka elfu mbili baadaye.

Toleo la kidijitali linatuwezesha kufanya kazi hiyo bila kukata. Mkusanyo wa Müller umewekwa katika mfumo wa kidijitali chini ya uongozi wa Monica Berti wa Chuo Kikuu cha Leipzig, na wazo lililoongoza kazi ya namna hiyo ni rahisi kulieleza. Kipande cha mwandishi aliyepotea hakihifadhiwi kama maandishi yanayojitegemea. Huhifadhiwa kama anwani inayoelekeza ndani ya kitabu kilichopo: mwandishi fulani, kitabu fulani, sura fulani, kuanzia neno hili hadi neno lile. Juu ya anwani hiyo huwekwa maelezo: je, ni nukuu ya neno kwa neno, ni muhtasari, au ni dokezo tu, ni kitenzi gani kinachoonyesha kwamba mwingine ndiye anayesema, na nani ameamua hivyo. Msomi wa pili asiyekubaliana na mipaka hiyo anaweka anwani yake kando ya ile ya kwanza, na zote mbili zinabaki, na anayesoma anaziona pamoja na aya nzima iliyozizunguka.

Huenda jambo hili likaonekana kuwa la makarani, lakini angalia linavyogusa somo lako. Katika habari ya Diogenes kuna maneno yasemayo kwamba maziwa ya Nile yako kaskazini kidogo ya Rhapta. Je, maneno hayo ni ya Diogenes, ya Marinus, au ya Ptolemy? Yakiwa ya Diogenes, tuna ushahidi wa baharia juu ya mahali ulipokuwa mji huo kuhusiana na kitu kingine alichokiona au kukisikia. Yakiwa ya Marinus, tuna makisio ya mtu aliyekaa mezani akiunganisha taarifa mbili. Yakiwa ya Ptolemy, ni maelezo ya ramani yake mwenyewe. Ptolemy huyohuyo, katika sura ya 17, analeta habari nyingine kutoka kwa wafanyabiashara, kwamba maziwa hayo hayako karibu na bahari bali ni mbali sana barani. Kwa hiyo tuna angalau tabaka mbili zinazopingana, na mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba Wagiriki walijua maziwa ya Nile yako karibu na Rhapta amepewa sentensi isiyo na mwenyewe. Katika toleo la kidijitali lililotengenezwa kwa uangalifu, kila moja ya tafsiri hizo tatu inaweza kuwekewa alama na kujadiliwa bila kuharibu nyingine.

Kabla ya kuweka mipaka, lazima kwanza vipande vitafutwe, na hapo ndipo kompyuta ilipoanza kazi katika taaluma yetu, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha California, Irvine, kilianzisha Thesaurus Linguae Graecae, mradi wa kuingiza maandishi yote ya Kigiriki cha kale katika kompyuta. Leo msomi anaweza kulitafuta jina la Marinus katika karne nyingi za maandishi kwa dakika chache. Jina, hata hivyo, ni sehemu rahisi ya kazi. Waandishi wa kale walinakili wenzao bila kuwataja, na Kigiriki hubadilisha maumbo ya maneno kwa wingi, kama vile Kiswahili kinavyoweza kulificha shina moja ndani ya nimesafiri, walikosafiri na asiposafirishwa. Kwa hiyo programu za kutambua maandishi yaliyonakiliwa hurudisha kwanza kila neno kwenye shina lake, kisha hutafuta mfululizo wa mashina adimu yanayojitokeza kwa mpangilio unaofanana katika vitabu viwili, hata kama viambishi vimebadilika na maneno mengine yameingizwa katikati.

Mfano bora ninaoufahamu wa njia hiyo unahusu mwandishi mwingine wa bahari zetu za jirani, Agatharchides wa Knidos. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo aliandika vitabu vitano kuhusu Bahari ya Eritrea, jina ambalo Wagiriki walilitumia kwa Bahari ya Sham pamoja na maji yaliyo mbele yake. Vitabu vyote vitano vimepotea. Lakini Photius, Patriaki wa Constantinople katika karne ya 9, aliyeacha mkusanyo wa muhtasari na dondoo za vitabu alivyovisoma wenye sehemu 280, aliweka katika sehemu ya 250 dondoo ndefu za kitabu cha kwanza na cha tano cha Agatharchides. Karibu miaka 900 kabla yake, Diodorus wa Sisili alikuwa ametumia maandishi hayohayo katika kitabu cha tatu cha historia yake, akimtaja Agatharchides kwa jina kati ya aliowategemea. Na mwanajiografia Strabo naye ana habari nyingi za asili hiyo, zilizomfikia kupitia Artemidorus wa Efeso. Tuna, basi, mashahidi watatu wa kitabu kimoja kisichokuwepo.

Chukua maelezo ya migodi ya dhahabu mpakani mwa Misri na Nubia. Photius na Diodorus wote wanaeleza wafungwa waliopelekwa huko, mwamba uliolainishwa kwa moto, watoto walioingia katika mashimo kuokota mawe, na wanawake na wazee waliosaga mawe hayo. Ukiyaweka maandishi hayo mawili sambamba, na programu ikayalinganisha shina kwa shina, picha mbili hujitokeza. Mpangilio wa mambo unafanana kwa karibu sana, jambo linalothibitisha kwamba wote wawili walikuwa na kitabu kilekile mbele yao. Maneno yenyewe yanafanana kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu Diodorus ana tabia ya kuandika upya kila kitu kwa mtindo wake. Pale ambapo neno adimu linatokea kwa wote wawili mahali palepale katika masimulizi, tunaweza kusema kwa ujasiri kiasi kwamba hilo ni neno la Agatharchides. Pale ambapo mmoja ana hukumu ya kimaadili na mwingine hana, tunapaswa kujizuia kumbandika Agatharchides hukumu hiyo kabla ya kuitafutia ushahidi mwingine.

Faida ya pili naiona kuwa kubwa zaidi. Ukishapima jinsi Diodorus anavyomtendea mwandishi tunayeweza kumhakiki kwa shahidi mwingine, umepata kipimo cha kumsomea anapotumia waandishi ambao hatuna shahidi wao mwingine kabisa. Wapo wanaofanya vivyo hivyo kwa Athenaeus, mwandishi wa Naukratis aliyejaza vitabu kumi na vitano kwa nukuu za washairi na wanahistoria, wengi wao wakiwa wamepotea. Kwa kuwa anamnukuu pia Homer, ambaye mashairi yake tunayo, tunaweza kuona ni mara ngapi hunukuu sawasawa na ni mara ngapi hukatiza au kubadilisha. Kazi hii inawezekana kwa mkono, na imefanywa kwa mkono, lakini kompyuta huifanya katika maandishi yote badala ya mifano michache ambayo msomi aliichagua kwa sababu ilikubaliana na hoja yake.

Kwa Marinus kuna njia moja ambayo naiona bado haijatembelewa vya kutosha, nayo ni ya Kiarabu. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyefariki Misri mwaka 956, anaandika kwamba ameona ramani za dunia zenye rangi, na anaitaja jiografia ya Marinus pamoja na ya Ptolemy. Kama alichokiona kilikuwa kweli kitabu cha Marinus au tafsiri yake, basi kitabu hicho kilikuwa bado kinasomwa katika ulimwengu wa Kiislamu katika karne ya 10. Na al-Masudi si mgeni kwetu: alisafiri katika bahari ya Zanj, na mwaka 916 aliondoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman. Mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kiarabu uitwao OpenITI uko wazi kwa watafiti, na mradi wa KITAB wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, mjini London, unautumia kuchunguza jinsi waandishi wa Kiarabu walivyonakiliana. Kuyachunguza maandishi ya kijiografia ya Kiarabu kwa ajili ya vipimo ambavyo vinatofautiana na vya Ptolemy lakini vinakubaliana na vile ambavyo Ptolemy anasema vilikuwa vya Marinus ni kazi yenye maana, ingawa siahidi kwamba itazaa matunda. Ptolemy mwenyewe ametuachia namba za kupimia: anasema Marinus aliushusha mpaka wa kusini wa dunia inayokaliwa hadi kwenye mstari wa Tropiki ya Kusini, naye Ptolemy akaupandisha hadi nyuzi 16 na dakika 25 kusini mwa ikweta.

Sasa nije kwenye maandishi ambayo yapo ila hayasomeki. Hapa kompyuta hutusaidia kuona. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, na watawa mara nyingi walikwangua maandishi ya zamani na kuandika juu yake. Wapiga picha wa leo huzimulika kurasa hizo kwa mwanga wa aina nyingi, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, wakichukua picha moja kwa kila aina. Kisha programu huchanganua tofauti ndogo kati ya picha hizo na kutenganisha wino wa chini na wino wa juu. Kazi maarufu zaidi ya aina hiyo ilihusu kitabu cha sala cha karne ya 13 kilichoandikwa juu ya maandishi ya Archimedes, ambacho kilifanyiwa kazi katika jumba la makumbusho la Walters mjini Baltimore kwa takriban miaka kumi kuanzia 1999.

Kwa swali lako, lakini, mifano miwili mingine ni ya karibu zaidi, kwa kuwa yote inamhusu Ptolemy na wale aliowatumia. Katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milan kuna mswada wa Kilatini wa karne ya 8 ambao baadhi ya kurasa zake zina Kigiriki chini. Mwanzoni mwa karne ya 19 Angelo Mai alitumia dawa za kemikali ili ausome wino uliofifia, na dawa hizo zikaacha madoa meusi yaliyozuia usomaji zaidi. Mwaka 2023 Victor Gysembergh, Alexander Jones na Emanuel Zingg walichapisha matokeo ya picha mpya za karatasi sita: zina maelezo ya chombo cha pete tisa cha kupimia anga, meteoroskopu, ambacho Ptolemy anakitaja katika Jiografia, naye mwandishi, kwa hoja zao, ni Ptolemy mwenyewe. Ona jinsi njia mbili zilivyokutana. Picha zilileta herufi, lakini herufi zisingepata jina bila dokezo lililobaki katika Jiografia na kwa waandishi wa baadaye, Pappus na Proclus, walioieleza zana hiyo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2022. Katika mswada uliotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, ambao maandishi yake ya juu ni ya Kikristo kwa lugha ya Kisiria, Gysembergh, Peter Williams na Zingg walisoma vipimo vya kundinyota liitwalo Taji la Kaskazini, na kwa hesabu ya mwendo wa polepole wa mhimili wa dunia wakaonyesha kwamba vipimo hivyo vinaangukia katika zama za Hipparchus, mwanafalaki wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Kwa muda mrefu Ptolemy alishutumiwa kwamba alinakili tu orodha ya nyota ya Hipparchus na kuirekebisha kidogo. Namba zilizopatikana hazikubaliani na shutuma hiyo katika sura yake rahisi. Kwa anayetaka kujua ni kiasi gani cha Marinus kimejificha ndani ya Ptolemy, huo ni ushahidi wa thamani kubwa juu ya desturi ya Ptolemy ya kuwatumia waliomtangulia.

Magombo ya Italia ni ya Herculaneum, mji uliofunikwa na mlima Vesuvius mwaka 79. Kati ya 1752 na 1754 wachimbaji walikuta katika jumba moja la kitajiri mamia ya magombo ya mafunjo yaliyokuwa yamegeuka makaa. Mengi yalifunguliwa kwa mashine ya padri Antonio Piaggio na yakaharibika kwa kiasi kikubwa katika kufunguliwa. Yaliyosomwa ni hasa maandishi ya Philodemus, mwanafalsafa wa shule ya Epicurus. Ugumu wa yaliyobaki yamefungwa ni kwamba wino wake ni wa kaboni, na mafunjo yenyewe yamekuwa kaboni, hivyo eksirei ya kawaida haioni tofauti kati yake. Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky, ambaye mwaka 2016 alikuwa amechapisha usomaji wa gombo la Kiebrania la En-Gedi bila kulifungua, alishiriki kuanzisha shindano la kimataifa mwaka 2023, ambapo picha za ndani ya magombo ziliwekwa wazi kwa yeyote. Februari 2024 vijana watatu, Youssef Nader wa Misri, Luke Farritor wa Marekani na Julian Schilliger wa Uswisi, walipewa dola 700,000 kwa kusoma herufi zaidi ya 2,000 katika safu 15, takriban asilimia 5 ya gombo moja. Zinajadili raha, chakula na muziki. Mwaka 2025 jina la kitabu likasomwa ndani ya gombo lililoko Oxford: ni la Philodemus, kuhusu maovu.

Mwambie mwanafunzi wako kwamba Marinus hawezi kuwamo katika magombo hayo, kwa sababu maktaba hiyo ilizikwa kabla hajaandika. Vipande vya Oxyrhynchus nchini Misri, vilivyoanza kuchimbwa na Grenfell na Hunt mwishoni mwa karne ya 19 na ambavyo vingi bado havijachapishwa, vinatoka katika karne zinazofaa; huko tumaini dogo linaruhusiwa.

Nimebakiza sehemu ya pili ya swali lako, ya uaminifu wa mashine. Ni swali zito, na jibu lake linategemea mashine ipi. Mashine iliyosoma gombo la Herculaneum ilifunzwa kuangalia eneo dogo sana la mafunjo na kusema kama pana wino au hapana. Haikujua Kigiriki wala herufi yoyote, kwa hiyo haikuwa na namna ya kutunga neno la Kigiriki. Na pale mashine zilizofunzwa na watu tofauti zilipoonyesha alama zilezile, wataalamu wa mafunjo wakazisoma kila mmoja peke yake kabla ya kukubaliana. Mashine za aina nyingine zimefunzwa lugha yenyewe. Ithaca, iliyotangazwa mwaka 2022 na watafiti wa kampuni ya DeepMind pamoja na wasomi wa vyuo vikuu, hujaza mapengo katika maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye mawe. Katika majaribio yao ilipata sahihi asilimia 62 ikiwa peke yake. Wanahistoria peke yao walipata asilimia 25, na walipoitumia wakafika asilimia 72. Ni msaada wa kweli, hasa kwa kuwa maandishi ya mawe hurudia fomula zilezile za sheria, heshima na maziko. Lakini mashine ijuayo Kigiriki ina uwezo wa kukupa Kigiriki kizuri ambacho hakuna mtu wa kale aliyewahi kukiandika, na kadiri mwandishi alivyokuwa wa kipekee ndivyo itakavyomkosa, kwani hupendelea lililo la kawaida. Kwa hiyo mimi huiamini zaidi mashine isiyoijua lugha inapotoa ushahidi wa wino, na ile inayoijua naitumia kama mwenzangu wa kubuni dhana, ambaye kila pendekezo lake lazima lipimwe.

Taaluma yetu ina desturi ya zamani inayotulinda hapa. Tangu mwaka 1931 wahariri wa mafunjo na maandishi ya mawe wanatumia alama zilizokubaliwa mjini Leiden, Uholanzi: herufi zilizojazwa na mhariri huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na zile zisizosomeka kwa uhakika huwekewa nukta chini. Alama hizo leo zina namna yake ya kidijitali, na toleo jema huandika pia ni nani au ni programu gani iliyopendekeza kila herufi. Toleo lolote lisilotenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa usilipeleke darasani, hata likiwa limetolewa na chuo mashuhuri.

Kwa darasa lako ningependekeza sura ya 9 na ya 17 za kitabu cha kwanza cha Ptolemy, ambazo zinapatikana kwa tafsiri ya Kiingereza. Wape wanafunzi rangi tatu, ya Diogenes na Theophilus, ya Marinus, na ya Ptolemy, wapake kila neno rangi ya yule wanayedhani ni mwenyewe, na waandike pembeni sababu ya kila mpaka, hasa pale wanapotofautiana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mhariri wa kidijitali, isipokuwa yeye anatumia alama za kompyuta badala ya rangi. Waulize pia kama siku 20 za Theophilus kwa kusi na siku 25 za Diogenes kwa kaskazi zinaweza kugeuzwa kuwa umbali, maana hapo ndipo Ptolemy alipomkamata Marinus: mabaharia walitaja idadi ya siku, na upepo haushiki kasi moja siku zote hizo. Nao wale waliosoma Kiarabu chuoni, wakitaka kuendelea baada ya shule, kifungu cha al-Masudi kuhusu Marinus kimo katika kitabu chake cha mwisho, kiitwacho al-Tanbih wa al-Ishraf.